Kilo Sita za Feresita

Wapagazi wa kahawa wa Kyarumba hawali asubuhi. Si kwamba chakula hakuna, au tuseme si kila siku hakuna. Ni kanuni ya kazi. Mtu anayeteremka mlima na gunia kichwani, kwenye njia yenye upana wa nyayo mbili na utelezi wa mvua ya jana, akijaza tumbo atatapika kabla ya kufika mtoni. Basi wanakunywa chai kavu, wanakaza kitenge kiunoni, wanashuka. Wakipanda tena saa nane mchana ndipo wanapokumbuka kwamba binadamu ana mdomo.

Katika wapagazi hao Feresita alikuwa wa kwanza. Alikuwa mrefu, mkavu, mifupa ya mabega imemtoka, na miguu yake ilijua kila jiwe. Wanaume walimpisha njiani wakisema, "Huyu hana nyama ya kumuchelewesha." Yeye alicheka, maana sifa ni tamu hata ikiwa ni sifa ya njaa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Feresita naye aliposifiwa wepesi, alipunguza hata kile kidogo alichokuwa anakula.

Alipopata mimba ya kwanza alibeba magunia hadi mwezi wa tano, kisha mama mkwe wake, Vasta, akamwamuru apumzike. Akapumzika kubeba. Kula hakuongezewa. Katika nyumba ya Vasta mke wa mwana alikula mwisho, na mke mwenye mimba alipewa kidogo kuliko wote, matonge mawili ya ugali wa muhogo na sombe, mboga ya majani ya muhogo, ya kulambia. Mtoto akaja mwezi wa saba, wa kike, kilo moja na gramu mia tatu. Aliishi siku mbili. Wakamzika nyuma ya nyumba, na udongo ukiwa bado mbichi majirani wakaanza kumwambia mama yake kwamba atapata mwingine. Walisema kwa wema, na Feresita alitamani kuwapiga.

Miezi minne baadaye alikwenda kituo cha afya na swali moja tu: huyo mwingine naye atakufa? Mkunga wa pale aliitwa Sylivia, mwanamke mfupi aliyewafokea hata watu anaowapenda. Alimpandisha kwenye mizani, akampima urefu, akamzungushia utepe kwenye mkono, kisha akakaa akiitazama karatasi yake.

"Kilo arobaini na tatu," alisema. "Na gunia unabebaga iko kilo ngapi?"

"Hamsini, musawo," alijibu, akimwita daktari kama walivyomwita wote.

"Kwa hiyo mzigo inakushinda uzito. Sasa mtoto ulitaka akae wapi?"

Feresita aliinama. Sylivia akaiteremsha sauti, jambo lililomgharimu.

"Sikiliza, mama. Mwanamuke akianza mimba akiwa amekonda hivi, mtoto anaweza kuja mbele ya siku yake, ama akuje mdogo sana. Si lazima, lakini inatokea mingi kuliko kwa wengine. Kula wakati mimba imeshaingia inasaidia, usiache. Lakini mimba inataka ikute kitu ndani ya stoo. Wewe stoo yako ilikuwa tupu toka zamani."

"Nifanye nini?"

"Ufike arobaini na tisa. Mbele ya mimba. Kilo sita. Sindano ya kupanga uzazi nitakupa, siku utafika tutaiacha."

Kilo sita. Mtu wa mjini angesikia hayo angecheka, kwa kuwa mjini watu wanatafuta dawa ya kuzipunguza. Feresita alipanda mlima akiwaza atazipata wapi, katika nyumba ambayo sufuria ikimfikia inakuwa imebaki ukoko.

Mumewe, Enoka, alikuwa anachoma chokaa Muhokya na alirudi mwisho wa mwezi. Feresita alimweleza yote wakipalilia maharage. Enoka alimsikiliza, jembe likiwa limesimama. "Fanya vile musawo amesema," alijibu. "Lakini usiambie mama." Enoka angeweza kupasua mawe kutwa nzima. Mbele ya mama yake alinywea, na ndiyo sababu siri yote ikabaki mgongoni kwa mkewe.

Naye Vasta usingemwambia jambo hilo ukarudi salama. Alikuwa na fundisho moja kwa kila bibi harusi aliyeingia mlimani kwake: mwanamke akinenepa, mtoto ananenepa, na mtoto mkubwa hapiti. Alilisema bila tabasamu. Kijiji chao kilikuwa juu, saa tatu kwa miguu hadi barabara ya gari, na mwanamke aliyeshindwa kujifungua aliteremshwa juu ya engozi, ile machela ya miti na kamba ambayo wanaume wanane huibeba kwa kupokezana. Kwa hiyo wake walikula kidogo, walizaa watoto wadogo, na waliobahatika waliwalea.

Feresita akaanza kula kwa kujificha.

Siku ya soko alishuka na maharage na maparachichi ya nyumba, akapanda pikapu ya kahawa mpaka Bwera. Karibu na mpaka palikuwa na hoteli ya Jamidah, mabenchi manne na moto usiozimika, na madereva wa malori wakigombea nafasi. Siku ya kwanza Feresita aliomba kuosha sufuria apewe chakula. Jamidah, mwanamke mnene mwenye hijabu ya kijani, alimtazama juu mpaka chini.

"Weye, nani anakufukuza?"

"Hakuna mtu, mama."

"Batu bote bananiambia hivyo. Kula kwanza. Sufuria haiwezi kukimbia."

Akamwekea ndizi, samaki wa ziwani na rojo ya karanga iliyofunika sahani yote. Feresita alikula akitazama mlango. Nusu ya sahani tumbo likakataa, likauma, kwa kuwa lilikuwa limesahau kazi yake. Jamidah alifunika kilichobaki kwa bakuli, akamwambia apumue kisha aendelee. Tangu siku hiyo benchi la ukutani likawa lake kila siku ya soko, na akishamaliza kula alisugua masufuria mpaka yakang'aa.

Siku nyingine alifunga karanga za kukaanga kwenye pindo la kitenge, akazila akipanda, baada ya kushusha gunia. Alipunguza safari za mzigo, akisingizia goti. Na mwisho wa kila mwezi, alipofikisha kahawa stoo, alisubiri watu watawanyike, akapanda yeye mwenyewe kwenye mizani ya magunia. Arobaini na nne. Arobaini na tano. Kisha malaria ikamkamata wiki mbili na mizani ikarudi arobaini na tatu na nusu. Siku hiyo alikaa juu ya magunia akalia kwa sauti, na mpimaji wa kahawa akadhani amefiwa.

Alianza upya. Mwezi wa saba ilisoma arobaini na saba, na uso ukaanza kumsaliti. Mashavu yalijaa. Mfupa wa bega ukazama. Vasta alimtazama kwa jicho la mtu anayehesabu mbuzi jioni. Kwanza alidhani mimba, akasubiri. Damu ya mwezi ilipokuja akaacha kusubiri na kuanza kuuliza. Mke hana mimba, ananawiri, kila siku ya soko hakosi Bwera. Majirani walikwisha kumaliza hesabu hiyo zamani: kuna bwana huko. Bwana mwenye pesa, walisema, kwa sababu mapenzi peke yake hayanenepeshi mtu.

Siku ya soko iliyofuata Feresita alikuwa kwenye benchi lake, sahani imejaa, alipoona kivuli kimeziba mlango. Vasta alikuwa ameteremka mlima wote kwa miguu yake ya miaka sitini. Matope yalimfika magotini. Alitazama benchi la kwanza, la pili, akimtafuta mwanamume. Hakumwona. Aliona mke wa mwanawe, mkono umeshika samaki, mdomo umejaa.

Feresita hakuweza kumeza wala kutema.

"Iko wapi?" Vasta aliuliza.

"Nani, mama?"

"Huyo anakunenepesha."

Jamidah alijongea na mwiko mkononi. "Mama, hapa hakuna bwana. Mutu ananenepesha mukwe yako ni miye. Ukae, nikupe chai."

Vasta hakukaa. Feresita akaona kwamba akidanganya sasa atadanganya mpaka kufa, na wahenga walishasema mficha uchi hazai. Akameza. Akasema yote mbele ya madereva, ile mizani ya kituo, kilo sita, hata sindano.

Alitegemea matusi. Hayakuja.

"Unakula ili ufe," Vasta alisema. "Nani amekutuma? Nilizaa binti, Gorret. Uliambiwa alikufa na uzazi. Nani alikuambia vile alikufa? Mimi nilimulisha! Ilikuwa mimba ya kwanza, nikafurahi, nikamupa maziwa, nyama, ndizi, kila kitu. Mtoto akakuwa mkubwa, akakwama. Siku mbili. Tukamuweka kwa engozi na mvua ilikuwa inanyesha. Kule kwa mto akanishika hii mkono, akasema, mama, punguza mwendo, wananiumiza. Hatukufika barabara." Alionyesha mkono wake kana kwamba alama bado ipo. "Toka siku ile nilisema hakuna mwanamuke atakufa kwangu sababu ya chakula."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Feresita alikuwa amemchukia mwanamke huyu kwa kila tonge alilonyimwa, na sasa chuki ilimkwama mahali pale pale alipokwama samaki. Hata hivyo hakutaka kurudi nyuma, kwa kuwa ile njia aliijua kuliko mtu yeyote aliyesimama pale.

"Mama," alisema, "mimi nabeba mzigo kwa hiyo njia miaka saba. Pale kwa mto naijua. Gorret alikwama mbali na daktari, na njia ndiyo ilimuchelewesha. Mimi sitapita pale juu ya machela. Siku ikikaribia nitashuka na miguu yangu, mwezi mzima mbele, nikae hapa Bwera karibu na hospitali. Mtoto akikwama, watanipasua."

"Kupasua!" Vasta alisema, akageuka, akatoka.

Nyumbani hapakuwa tena na siri, na hapakuwa na amani. Vasta hakumnyima chakula wala hakumpa. Aliacha sufuria jikoni, akatoka nje ili asimwone akila. Feresita alikula mchana kweupe, kila tonge likipita na woga wake. Mwezi wa tisa mizani ilisoma arobaini na tisa. Sylivia alimpima mara mbili, akamfokea kwa furaha, sindano ikaachwa. Ikapita miezi mitano bila kitu. Ndipo mimba ikaingia, naye gunia akaliweka chini kabisa.

Watu hudhani sehemu ngumu ilikuwa ile ya nyuma. Haikuwa. Sylivia alikuwa amemwambia wazi kwamba kilo zile si hirizi. Zinampa mtoto nafasi nzuri zaidi, hazimwekei ahadi. Basi Feresita alihesabu wiki kwa vidole, na wiki ile aliyokuja mtoto wa kwanza ilipokaribia, aliacha kulala vizuri. Ikafika. Siku ya Jumatano, akichambua maharage uani, mgongo ukamkaza. Ukaachia. Ukakaza tena. Alilaza kichwa kwenye gunia tupu, akashika tumbo kwa mikono miwili. "Usitoke," alimwambia mtoto. "Tafadhali, bado. Usitoke."

Vasta alisimama mlangoni mwa jiko. Alileta mkeka, akamlaza kwa ubavu, akakaa chini karibu yake. Waliyasikiliza maumivu pamoja. Kuelekea saa kumi yakapungua, yakakoma. Kesho yake Sylivia aliitwa, akapanda mwenyewe, akasikiliza tumbo, akasema moyo wa mtoto uko sawa na mlango wa kizazi umefunga. Ilimchukua Feresita siku tatu kuthubutu kutembea mpaka chooni bila kujishika ukuta.

Mwezi wa nane ulipoisha alifunga nguo zake kwenye shuka, akaaga. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na njia ilikuwa mbaya. Alipofika kona ya kwanza alisikia hatua nyuma. Vasta alikuwa anamfuata pekupeku, akamnyang'anya furushi, akaliweka kichwani mwake. Mtoni Vasta alitangulia, akasimama katikati ya maji na kumpa mkono, na Feresita aliuona uso wake, akafumba macho yake mwenyewe akavuka.

Jamidah aliwapa chumba nyuma ya hoteli. Wakangoja wiki tatu na siku mbili.

Uchungu ulianza alfajiri. Saa nne asubuhi, hospitalini, ulikuwa umezidi kile Feresita alichokikumbuka. Mtoto wa kwanza alikuwa ametoka kwa urahisi, kwa kuwa hakuwa na ukubwa wa kumpinga mtu. Huyu alisukuma. Saa sita. Saa saba. Dirisha lilikuwa wazi na nje alimsikia Vasta akiomba Mungu, kisha akigombana na Mungu, kisha akisema neno moja tu tena na tena: "Amekwama. Amekwama." Feresita alitaka kumpigia kelele anyamaze. Hakuwa na pumzi. Akawaza, huenda mama mkwe alisema kweli. Huenda nimekula kifo changu mwenyewe, sahani kwa sahani.

"Sukuma!" mkunga alimwamuru. "Usilie, sukuma!"

Saa tisa kasoro mtoto alilia. Alilia kwa hasira, mdomo wazi, ngumi zimefungwa, na mapaja yake yalikuwa na mikunjo. Feresita aliitazama ile mikunjo. Hakuwa amejua kwamba mtoto mchanga anaweza kuwa na mikunjo.

Walimwita Vasta. Aliingia akijishika ukuta, akamtazama kwanza Feresita, akamgusa shavu, akamgusa mguu, kama mtu anayehakiki kwamba ni mzima wote. Ndipo akapokea mtoto. Mkunga wa zamu, msichana wa Kikonzo, alikaa na karatasi zake.

"Kilo mbili na gramu mia tisa. Jina?"

Vasta alijibu kabla ya mama. "Biira."

Mkunga akatabasamu akiandika. "Na Masika amebaki na nani nyumbani?"

Lilikuwa swali la kawaida. Kwa Wakonzo binti wa kwanza wa mama ni Masika na wa pili ni Biira, na aliyetangulia akifa hanyang'anywi nafasi yake. Mkunga aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akaelewa, akasema pole, akatoka.

Vasta alibaki amesimama. Alimwinua mtoto kidogo, akamshusha, akimpima kwa mikono.

"Ni mzito," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na amepita."

"Amepita."

Vasta alimsogeza mtoto kifuani. "Basi Masika..." Alishindwa. Akajaribu tena. "Kifo ya Masika ni mimi. Mimi nilimunyima."

Miaka miwili Feresita alikuwa amelingoja neno hilo. Alikuwa ameliandalia majibu, makali, akiyapanga njiani chini ya gunia. Sasa lilikuwa limekuja na hakuona utamu wowote ndani yake. Aliona mama aliyemlisha mmoja na kumzika, akamnyima mwingine na kumzika. Alimhurumia. Lakini kumwambia hapana, si wewe, hilo hakuliweza, kwa kuwa yule aliyelala nyuma ya nyumba hakuwa na msemaji mwingine.

"Kwa nini hukuniambia?" Vasta alikuwa analia wazi sasa, machozi yakimdondokea mtoto. "Wakati ile ya kwanza. Kama ungeniambia, ningesikia."

Feresita alinyoosha mikono, akamchukua binti yake, akamweka kwenye titi. Alingoja mpaka mtoto ameshika.

"Nilikuambia, mama," alisema. "Kila siku nilikuambia niko na njaa."